Kikombe cha Tisa

Asubuhi hatupaki mafuta ya kunukia,
hatuli kitunguu, hatupigi mswaki kwa dawa ya minti.
Rweikiza anasimama mlangoni, ananusa
kama mbwa wa forodha, kisha: haya, ingieni.
Meza ya duara inazunguka. Vikombe kumi na viwili.
Nje bodaboda zinakohoa kuelekea Kiborloni,
na mlima leo umejifunika, hautaki wageni.

Tunavuta kahawa kwa kijiko, fyuuu,
kelele ambayo mama angenifinya kwayo,
tunaizungusha kinywani, tunaitema kwenye kopo.
Halafu inakuja kazi yenyewe: kusema.

Fomu ina orodha. Zabibu kavu. Karameli. Lozi.
Kuna tunda moja la nchi za baridi
nimeliandika mara mia mbili na ushei
na sijawahi kulitia mdomoni.
Nililijua kama bibi alivyojua Kilatini cha misa:
mahali pa kuitikia hakukosea,
maana aliwaachia mapadri.

Juzi, kikombe cha nne, nilikuta msesewe,
gome lile la kutia mbege uchungu.
Nikasema hivyo. Rweikiza akanikodolea.
Kwao Kanyigo mbege ni hadithi ya watu wengine.
Yeye, akasema, amekuta senene wa kukaanga,
wale wa Novemba, kabla chumvi haijakolea.
Mimi sijala senene. Naogopa miguu yao.
Tukatazamana, kahawa ikipoa,
kila mtu na tonge asiloweza kummegea mwenzake.
Kisha tukaandika alama:
yeye themanini na nne,
mimi themanini na nne.

Ile namba ilinikosesha usingizi.
Watu wawili wanapishana njiani,
mmoja katoka sokoni, mwingine msibani.
Habari? Nzuri. Nzuri.

Kesho yake nikamuuliza:
nyekundu ya buni iliyoiva,
unaiona kama ninavyoiona?
Akacheka. "Aikande, kikapu changu kikijaa nyekundu
na chako kikijaa nyekundu, mnunuzi analipa.
Mengine kamuulize aliyekuumba."
Lakini wakati wa kufunga nilimwona dirishani
anakigeuzageuza kiganja chake kwenye mwanga.

Leo ni kikombe cha tisa.
Kijiko hakijafika mdomoni, nimeshajua.
Meza nzima wameinama, kalamu zinakimbia:
moshi. Kasoro. Ondoa.
(Jina la mji wetu, kwenye fomu, ni kosa.)
Na kweli ni moshi, nami nimeandika moshi,
herufi tano, zilezile,
ila wa kwangu una dari.
Ni Kibosho, mwaka wa mvua zisizokata,
jua limegoma, mama katandaza buni darini
juu ya mafiga. Usiku anapanda ngazi
kuzigeuza kwa mkono, nasi chini tunasikia
chakara, chakara, kama panya mwenye mawazo,
tunalala. Ada yangu ya shule
ilikuwa inakauka pale juu.
Mwenyewe kahawa hakuinywa hata siku moja.
Chungu, alisema, kama kukopa kwa shemeji.

Sasa haya niyaweke wapi?
Fomu ina kisanduku cha maoni, upana wa kidole gumba.
Nikaandika: kuni za mringaringa, mbichi.

Rweikiza akapita nyuma yangu. Akasoma. Hakufuta.
"Huo ni mti?"
"Ni mti."
Akachukua kijiko, akairudisha meza hadi cha tisa,
akavuta tena, fyuuu,
akafumba macho
muda mrefu kuliko kanuni inavyoruhusu.

Sijui alikuta nini humo.
Akasuuza kijiko. Meza ikazunguka.